Kosa la Kushoto

Wewe uligeuza uso. Usiangalie nyuma kutafuta mwingine, ni wewe. Mwaka ule wa Mkavu malori ya Kampuni yalipita mbele ya duka lako, yamefunikwa turubai, ukasema hayo ni magunia ya mbolea. Ulijua fika kwamba mbolea haisindikizwi na dereva aliyevaa barakoa mbili. Ukaingia ndani, ukanywa chai, ukamwambia mwenzio kuwa mambo ya mashambani yana wenyewe. Ndiyo, yana wenyewe. Leo utasikia habari za mmoja wao, na safari hii hutoki mpaka mwisho.

Anaitwa Tusekile Mwaifwani. Alichuma chai katika shamba la Milima Saba miaka kumi na minane, bega kwa bega na mdogo wake, Atuganile. Mkavu ulipoingia nchini, homa ile yenye kikohozi kisichotoa kitu, kama mtu anayekwangua sufuria tupu, Kampuni ilifunga geti wachumaji mia tatu na arobaini wakiwa ndani.

"Kwa usalama wenu," alisema mnyapara Enock Mwandemele, akaning'iniza ufunguo kiunoni.

Siku mia mbili na kumi na mbili. Waligawiwa glavu za kijivu, nyepesi, zinazobana kama ngozi, eti kinga. Hakuna aliyewaambia kwamba ndani ya kitambaa kulikuwa na nyuzi zinazokariri. Zilikariri kidole kinavyopinda, kucha inavyokata, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mara elfu kadhaa kwa siku, mkono baada ya mkono. Geti lilipofunguliwa watu sitini na mmoja walikuwa wamelala chini ya udongo nyuma ya kiwanda, na wiki hiyo hiyo mashine zikashushwa: vitoroli vya magurudumu membamba, kila kimoja na mikono miwili ya mpira mweusi. Waliobaki hai walisimama nje ya uzio wakazitazama zikichuma, wakaanza kuwatambua watu. Ule ni mkono wa Mbutolwe, tazama kidole cha mwisho anavyokikunja. Ule wa Atuganile, anagusa jani kwanza kabla ya kulikata, kama anayelibembeleza.

Wakapewa barua ya shukrani na kilo mbili za sukari. Waende salama.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Sasa tuanze.

*

Ijumaa asubuhi Tusekile alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi za kupika. Gari likasimama. Aliyeshuka alikuwa amenenepa, ana koti zuri na peremende shavuni, lakini mwendo ulikuwa ule ule, wa mtu anayekanyaga ardhi kama ameikopesha.

"Dada Tusekile. Hujambo?"

"Mimi siyo dada yako, Enock. Dada zako umewazika."

Mwandemele akacheka kidogo, akaihamisha peremende shavu la pili. Siku hizi alikuwa Meneja wa Mikono. Hicho ndicho cheo chake, kimeandikwa hata kwenye mlango wa gari.

"Nimekuja kwa heri. Mikono imepata hitilafu. Inachuma vizuri tu, halafu ghafla inarusha konzi ya majani kushoto, yanaanguka chini. Wahandisi wanaita kosa la kushoto. Zamani ilitokea mara moja kwa mwezi, tukapuuza. Tangu wiki tatu hizi ni mara arobaini kwa siku. Tunataka mchumaji wa asili avae glavu, aifundishe upya. Umebaki wewe. Wengine ama wamekufa, ama wamenitolea mbwa."

"Na mimi ulidhani sina mbwa?"

"Utapewa kadi ya zahanati ya Kampuni. Matibabu mpaka unaingia kaburini."

Tusekile aliendelea kumenya. Ndizi ilikuwa imekwisha menywa, akawa anachonga nyama yake bila kuona.

Sikia sasa hili la kushoto, maana bila hilo huelewi kitu. Sheria ya Mkavu ilisema hivi: mchumaji asiyefikisha kilo kumi na nane kabla ya saa sita mchana ni mgonjwa, na mgonjwa anapelekwa Banda la Saba. Daktari hakuwahi kukanyaga humo. Ndoo ya maji iliingia pale mnyapara alipokumbuka, na mnyapara alikuwa na kichwa kizito. Waliingia thelathini na tisa, waliotoka kwa miguu yao walikuwa watatu. Basi wanawake wakabuni njia. Aliyeanza kukohoa alipangwa kushoto kwa mwenye nguvu. Kikohozi kikisikika, mwenye nguvu anarusha konzi moja kwenye kapu la mwenzake, bila kugeuza shingo, bila kusema. Mnyapara akipita mbele anaona mikono inachuma tu. Mizani ikifika, mgonjwa ana kilo kumi na nane na ushee, analala na watu wake usiku ule, siyo Banda la Saba.

Glavu zilikuwa zimekariri na hilo pia. Kampuni ilitaka kuiba uchumaji, ikaiba na huruma ndani yake bila kujua, na sasa huruma ilikuwa inawamwagia chai chini.

"Nitakuja kesho," Tusekile alisema.

Mwandemele alishangaa alivyokubali upesi. Angekuwa na akili angeogopa.

*

Ijumaa ndiyo siku Kampuni inapoazimisha mikono yake kwa vijiji kumi na kimoja vinavyoizunguka, wakulima wadogo wachumiwe nusu eka zao, kisha majani yote yaende kiwanda kile kile. Kwa hiyo mchana Tusekile alimkuta shemeji yake, Ambakisye, amekaa juu ya kisiki pembeni mwa shamba lake akiitazama mikono miwili ikipanda na kushuka kwenye mistari.

Ambakisye alikuwa mume wa Atuganile. Hakuoa tena. Kila Ijumaa anakaa pale.

"Shemeji, wameniita," Tusekile akamwambia, akamweleza yote.

Ambakisye alingoja mashine ifike mwisho wa mstari na kugeuka. Kisha akainuka, akaenda kwenye mti wa chai wa karibu, akapiga goti. Akapitisha kidole gumba chini ya matawi, pale shina linapogusana na udongo.

"Hapa ndipo shingo. Unakumbuka? Ukipindua kwa kulia, gome linaachana na mzizi. Juu unabaki wa kijani siku tatu, nne. Halafu kwaheri."

"Nakumbuka. Ndivyo tulivyong'oa ile mizee."

"Wafundishe shingo."

Tusekile akamtazama.

"Unafundisha mkono mmoja, inajifunza yote, siyo? Elfu nne. Kwa siku moja, shemeji. Hekta zao zote. Wale wazee wa makao makuu waamke Jumatano wakute wana kuni. Hayo ndiyo matanga ya mke wangu. Yale mengine sikuyahesabu, walinikataza hata kumwona."

"Mikono hii hii ndiyo inakuja kwako. Inakwenda kwa Mama Ipyana. Inakwenda kwa Lugano mwenye watoto sita. Mti wako utakufa nao."

"Wangu ufe!" Ambakisye akaupiga ule mti kwa kiganja. "Nimekwambia nalilia chai? Wangu ufe wa kwanza."

"Na wa Mama Ipyana? Yule aliyekuwa anarusha konzi kwa mke wako wakati mimi mwenyewe mikono imekufa ganzi? Nimwambie nini?"

Ambakisye akarudi kwenye kisiki chake. Ghadhabu yake ilikuwa ya haki, na Tusekile alikuwa nayo hiyo hiyo, kilo kwa kilo. Miaka tisa alilala nayo kama mtu anavyolala na jiwe chini ya shuka. Hapa nisimsingizie wema: moyoni alikuwa amekwisha kukata shauri. Shingo. Mama Ipyana angeombwa radhi baadaye.

Mashine ikapita karibu yao, mikono ikigusa jani kwanza kabla ya kulikata.

"Huku kwako inarusha mara ngapi?" Tusekile akauliza.

"Inarusha nini?"

"Konzi. Kushoto."

"Hapa? Haijarusha hata siku moja. Mimi ningeiona. Nina kazi gani nyingine?"

Tusekile alilichukua neno hilo akaondoka nalo. Halikumtulia kichwani, lakini hakujua bado ni la nini.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi aliingia geti lile kwa mara ya kwanza tangu alipotolewa. Lilikuwa jipya, la chuma, linateleza kwenye reli lenyewe bila mtu kuligusa. Chumba cha mafunzo kilikuwa na ukuta wa vioo unaotazama shamba, na ndani yake miti mitano ya chai ndani ya mapipa. Mhandisi alikuwa binti wa Pwani, kijana, kilemba cha bluu, anaitwa Yusra. Alimwamkia shikamoo kabla ya kumgusa mkono. Tusekile hakutegemea hilo, akaitika marahaba kwa kuchelewa.

"Mama, nikueleze inavyofanya kazi?"

"Nieleze kama unaeleza mtu mwenye akili."

Yusra akatabasamu. "Mwanzoni kila mashine ilikuwa na mtu wake. Baadaye tukaisokota mikono yote mia tatu na arobaini ikawa mmoja, kama kamba. Kwa hiyo kila mashine sasa ina watu wote. Tulipojaribu kuuchomoa uzi wa kurusha, kamba nzima ikafumuka, mikono ikasahau chipukizi ni lipi, ikaanza kuchuma magugu. Haitoki. Inabidi ifundishwe juu yake na mkono ulio hai. Unavaa, unachuma nusu saa. Mimi natia muhuri, na mikono yote elfu nne inapokea ndani ya dakika moja."

"Inaona?"

"Inaona, inapapasa. Na inasikia. Sikio liliwekwa ili ijue filimbi ya mnyapara, ianze na iache kwa filimbi, na mmoja ukiacha, yote inaacha. Lakini sikio halichagui, lilikariri kila kilichokuwa shambani."

"Na wewe unakaa humu humu kambini?"

"Kuanzia Jumatatu. Wote tunaingia mafunzo ya ndani, siku tisini. Wapakiaji, wasafisha mashine, walinzi, watu mia mbili na sitini. Nimeshafunga begi." Akaonyesha pembeni. "Wametugawia hata glavu. Nzuri, nyepesi."

Za kijivu. Zilikuwa juu ya begi.

Kabla Tusekile hajafungua mdomo, Mwandemele akaingia na peremende yake. "Tunaanza? Nina kikao."

Akasimama dirishani, akajifuta jasho ingawa hewa ya milimani ilikuwa baridi ya kutoa moshi mdomoni. Tusekile alivaa glavu. Ilimbana vile vile.

"Bila kurusha," Mwandemele akasema. "Mkono safi. Na nikwambie kitu, maana najua mnanitukana huko vijijini. Huo mchezo wenu wa kushoto ndio uliowaua. Mlimficha Atuganile mstarini siku kumi na moja. Mbutolwe alisimama naye, akafa. Bupe akafa. Watu watano wa mstari ule. Mngemtoa siku ya kwanza wangekuwa hai. Mimi nilikuwa na sheria. Nyie mlikuwa na konzi."

Yusra aliinamisha macho.

Na hapa pana mwiba, msomaji, usiukwepe. Maneno hayo Tusekile hakuyasikia kwanza kwa Enock. Alijiambia mwenyewe, miaka tisa, akifua, akilima, akiwa kanisani wengine wakiimba. Yeye ndiye aliyempanga mdogo wake kushoto kwake. Yeye ndiye aliyemwambia Bupe asogee awafunike. Bupe alikuwa na miaka ishirini na mbili.

"Ni kweli," akasema. Mwandemele akageuka, hakutarajia. "Ni kweli nilimficha. Ungekuja kumchukua, ungempeleka wapi?"

"Kwenye matibabu."

"Wapi, Enock? Taja jina la mahali."

Peremende ikagonga meno.

"Siku ya kumi na mbili ulimchukua. Nilikuwa nyuma ya ubao wa Banda la Saba siku tatu nzima nikimsikia anaomba maji. Ghalani kulikuwa na barakoa maboksi mia mbili, tuliyakuta na plastiki zake siku ya kufungua geti. Ungetupa zile, Bupe angesimama popote. Usinigawie dhambi yako. Yangu ninayo, naibeba, naujua uzito wake. Yako iko hapo kiunoni imening'inia."

Kwa kweli ufunguo bado ulikuwepo, ule uliofunga geti la zamani na Banda la Saba. Mtu yule aliuvaa kama wengine wanavyovaa saa.

"Fundisha mkono," Mwandemele akasema.

Tusekile akauinamia mti wa kwanza. Akachuma konzi tatu za haraka ili glavu ichangamke. Kisha akashusha mkono chini ya matawi, taratibu, mpaka kidole gumba kikaipata shingo. Gome lilikuwa na unyevu. Alichohitaji ni kupindua kulia. Aliuona mlima mzima ukikauka, akamwona Ambakisye juu ya kisiki chake, na utamu wake ulimjaa mdomo mpaka akameza mate.

Nje, karibu na kioo, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu. Sufuria tupu.

Tusekile akainua kichwa. Upande wa pili wa kioo binti mmoja alikuwa amepiga magoti akisafisha magurudumu ya mashine, kitambaa mdomoni. Mashine ya jirani, iliyokuwa ikichuma, ikasita. Mkono wake ukarusha konzi ya majani kushoto, pale pale alipokuwa yule binti, yakamwangukia mgongoni ambako hapakuwa na kapu. Binti akayapangusa kwa uchovu, kama mtu aliyezoea. Akakohoa tena. Mkono ukarusha tena.

Basi neno la Ambakisye likampata mwenyewe. Kwake hairushi kwa sababu kwake hakuna anayekohoa. Mara arobaini kwa siku, tangu wiki tatu. Mikono haikuwa mibovu. Ilikuwa inasikia. Kati ya wote walio na masikio katika shamba lile, wafu peke yao ndio waliokuwa bado wanawajali wagonjwa.

Akamtazama Mwandemele. Mwandemele alikuwa amekwisha kulivuta pazia.

Alijua! Mkavu umerudi, na hawa hawakumwita kurekebisha kosa. Walimwita anyamazishe kengele, wapate kufunga geti Jumatatu na glavu mpya mikononi mwa watu, safari hii wakariri upakiaji, usafishaji, ulinzi, kila kilichobaki.

Kidole gumba bado kilikuwa shingoni mwa mti. Pima mwenyewe. Kulia kulikuwa na kisasi cha waliokwisha kufa, na ndani yake Mama Ipyana na watoto sita wa Lugano. Na kengele ingezimika nacho, maana mkono unaofundishwa kuua mti hauna nafasi ya kusikiliza. Alimwomba radhi shemeji yake kimoyomoyo. Kisha akautoa mkono.

Alichuma. Safi, haraka, kama zamani. Na baada ya konzi ya kumi akakohoa, akafunga ngumi, akaishikilia hewani, akahesabu mpaka tano.

"Nini hicho?" Mwandemele akarudi nyuma hatua mbili.

"Koo. Chumba chako kina vumbi."

"Unaumwa?"

"Unaogopa kikohozi, meneja? Kunywa uji wa pilipili, watoto wetu tunawapa huo."

Lakini kikohozi kile hakikufaa, kilikuwa chake mwenyewe, kinene, cha mwanamke mzima. Glavu ilihitaji kile chenyewe. Akafumba macho akamtafuta Atuganile. Akampata nyuma ya ubao, siku ya pili, sauti ikiwa imebaki uzi. Akakohoa kama mdogo wake alivyokohoa. Yusra alishtuka akashika meza. Tusekile akafunga ngumi. Konzi ishirini, kikohozi, ngumi. Konzi ishirini, kikohozi, ngumi. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, maana mkono ulikuwa kazini.

Nusu saa ikaisha. Mashine ya majaribio ikaletwa kwenye mapipa. Ikachuma konzi mia moja chumbani kimya. Haikurusha hata moja.

"Safi!" Mwandemele akapiga makofi. "Tia muhuri."

Yusra aliangalia skrini ya kompyuta yake. Pale mistari ya mafunzo yote ilionekana, na katikati yake, mara kumi na moja, alama moja asiyoijua.

"Mama, hii ngumi..." akaanza.

"Ngumi gani, mwanangu?"

Yusra akamtazama Tusekile. Akalitazama begi lake pembeni, na glavu juu yake. Pazia halikuzuia sauti, na nje yule msafishaji alikuwa anakohoa tena.

"Hakuna," Yusra akasema. Akabonyeza.

*

Shamba la chai lenye mikono elfu nne lina sauti yake, kama mvua ndogo isiyokoma. Ghafla mvua ile ikakatika.

Yusra alifungua pazia. Mstari kwa mstari, mpaka kule mlima unapoingia kwenye ukungu, mikono yote ilikuwa imeinuka, imefunga ngumi. Msafishaji alibaki amepiga magoti katikati yake, mdomo wazi. Wengine walianza kusimama, mmoja hapa, watatu kule, wakitazamana.

"Washa!" Mwandemele akafoka. "Piga filimbi! Washa hizo..." Na hapo peremende ikamtoka. Alijizuia, mishipa ya shingo ikamtoka kama kamba, uso ukawa na rangi ya majivu. Kisha akakohoa. Mara moja, mbili, na ya tatu ikamkunja. Sufuria tupu.

Mashine ya majaribio iliyokuwa kwenye mapipa ikageuza mikono yake miwili kumwelekea, ikafunga ngumi.

Tusekile akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Tangu lini, Enock?"

"Ni vumbi."

"Tangu lini?"

"Jumanne." Akaketi chini mwenyewe. "Dada, usiwaambie. Dada Tusekile."

Miaka tisa alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno matatu. Akayasema polepole ayaonje. "Kwa usalama wako," akasema, na akamfungua ufunguo kiunoni.

Mwandemele akainuka akatoka nje; hakuna aliyemgusa. Wafanyakazi walikuwa wamekuja kusimama huku na huku, vitambaa vimefunika pua, wakaacha njia katikati. Kwenye ubao wa matangazo sheria bado ilikuwa imebandikwa, saini yake chini. Aliipita akitazama viatu vyake. Banda la Saba lilikuwa pale pale, mbao zile zile. Aliingia kwa miguu yake. Tusekile akafunga mlango.

Akasimama na ufunguo mkononi. Ndani, kikohozi. Halafu sauti: "Maji. Tafadhali, mama, maji."

Ningependa kukwambia moyo wake ulilegea. Haukulegea. Ulikaa pale ukasikiliza, ukafurahi, na alijua kabisa kwamba unafurahi. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko ambavyo angekiri mbele ya mchungaji. Kisha akamwambia yule msafishaji alete ndoo mbili za maji na kikombe, na Yusra alete blanketi na dawa zote za zahanati.

"Unamhurumia, mama?" Yusra akauliza.

"Huruma? Nani kasema huruma?" Akaufungua mlango, akaisukuma ndoo ndani kwa mguu. "Sikia, Enock. Hufi. Nitakunywesha mwenyewe kwa kijiko, nitakulinda na kifo kama yai. Maiti haulizwi maswali, na mimi nina maswali sitini na moja. Utasimama mbele ya Ambakisye utaje mmoja mmoja, na nani alikupigia simu, na nani aliagiza glavu. Anza na geti. Linafungwa saa ngapi?"

Mwandemele alikunywa kikombe kizima, nusu yake ikammwagikia kifuani. "Jumatatu. Saa sita mchana. Siyo mimi. Mimi sina ufunguo wa geti siku hizi, linafungwa kutoka makao makuu, mjini. Hata ukiniua, linajifunga. Na walinzi wao wanakuja kesho jioni, kuwarudisha wote kambini."

Basi umesikia. Usiseme hukusikia.

Mikono elfu nne imesimama kwa ajili yao, lakini mikono ya mpira haiwezi kuzuia geti. Yusra na yule binti wa magurudumu, ambaye jina lake ni Ambwene na ana homa tangu wiki iliyopita, na watu wengine mia mbili na hamsini na nane, wako ndani. Ambakisye ameshafika na shoka, amekata mkaratusi, amelaza gogo juu ya reli. Gogo moja, na mtu mmoja aliyelikalia. Watalivuta kwa trekta dakika mbili. Magogo mia hawayavuti. Watu elfu hawawavuti.

Leo ni Jumamosi. Unayo kesho nzima. Usiniulize utafanya nini peke yako, mlango wa jirani yako uko hatua sita. Mgongee. Chukua barakoa, chukua panga, chukua maji ya kunywa ya wagonjwa. Na kama unaishi mbali na Milima Saba, basi uliza kuna nini nyuma ya lile geti unalopita kila asubuhi, na kwa nini walio ndani wamegawiwa glavu.

Inuka. Vaa viatu.